Kichwa kinapouma na macho yakaanza kufifia

Na Daktari Wetu

MWANAMKE aliyeingia katika chumba changu cha matibabu asubuhi ile alikuwa na umri wa miaka 29. Alikuwa muuzaji katika duka la vitambaa jijini Nairobi, mama wa mtoto mmoja, na malalamiko yake yalikuwa ya kawaida kabisa. Kichwa kilikuwa kimemuuma kwa wiki sita. Tayari alikuwa amenunua vidonge vya maumivu katika maduka matatu ya dawa. Katika zahanati moja alitibiwa malaria, katika nyingine homa ya matumbo. Kwenye duka la miwani alisomeshwa herufi za ukutani, akazisoma zote, akaambiwa macho yake hayana kasoro.

Mimi nilimpima presha ya damu mkononi, nikaiona iko sawa. Nikamuuliza kama ana mawazo mengi. Alicheka, akanijibu, "Daktari, Nairobi hii nani hana mawazo?" Nikacheka naye, nikamwandikia vidonge vyenye nguvu zaidi, naye akaenda zake.

Baada ya wiki tatu alirudi akiwa ameshikwa mkono na dada yake. Jicho lake la kushoto lilikuwa limegeukia ndani, upande wa pua. "Daktari," aliniambia, "nikisimama kituoni naona matatu mbili mahali penye moja. Sijui nipande ipi."

Ndipo nilipofungua mtoto wa meza kutafuta kile kifaa kidogo chenye taa ambacho sisi madaktari hutumia kutazama ndani ya jicho, yaani oftalmoskopu. Betri zake zilikuwa zimekwisha. Ilibidi nimtume msaidizi wangu dukani kununua nyingine. Nilipotazama, niliona jambo ambalo huenda ningeliona wiki tatu mapema kama ningejali kutazama. Mwanzo wa neva ya macho, ambao kwa kawaida ni duara lenye kingo safi, ulikuwa umevimba, kingo zimefifia na vijitone vya damu vimeuzunguka. Presha ilikuwa imepanda. Lakini haikuwa ya damu. Ilikuwa presha ya ndani ya fuvu la kichwa.

Nimeamua kusimulia kisa hiki, pamoja na kosa langu mwenyewe, kwa sababu mgonjwa huyu si wa pekee. Watu wengi huishi na maumivu ya kichwa, na walio wengi hawana ugonjwa wowote wa hatari. Lakini wako wachache ambao kichwa chao hutoa ishara kupitia macho, na ishara hiyo ikipuuzwa kwa majuma machache tu, mtu anaweza kupofuka maisha yake yote.

Fuvu halinyumbuki

Ili kuelewa jambo hili, msomaji, fikiria sufuria yenye mfuniko uliofungwa kwa misumari. Fuvu la mtu mzima ni mfupa mgumu usiotanuka. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo wenyewe, damu iliyo katika mishipa, na maji maangavu yanayouzunguka ubongo na kuteremka hadi ndani ya mgongo. Maji hayo hufikia takriban mililita 150 kwa wakati mmoja, yaani nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, na kiasi kama hicho hunyonywa na kurudi katika damu. Kwa hiyo maji haya hubadilishwa mara tatu au zaidi kwa siku, bila wewe kuhisi lolote.

Madaktari wawili wa Scotland, Alexander Monro mwaka wa 1783 na George Kellie mwaka wa 1824, ndio walioeleza kanuni ambayo tunaitumia hadi leo. Maadamu fuvu halipanuki, kimoja kati ya vitu hivyo vitatu kikiongezeka, ni lazima kingine kipungue. Kwa muda mwili hujitahidi kwa kusukuma maji mgongoni na kuondoa damu. Nafasi ikiisha, presha hupanda kwa kasi.

Presha hiyo hupimwa kwa sentimita za maji. Kwa mtu mzima aliyelala ubavu, kiwango cha kawaida ni kati ya sentimita 10 na 20 hivi. Ikizidi 25, kuna jambo. Yule mgonjwa wangu alipopimwa alipatikana na 42.

Presha tatu zisizofanana

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, neno "presha" lina maana nyingi, na mtu akiambiwa "huna presha" hurudi nyumbani ameridhika.

Ya kwanza ni presha ya damu, ile inayopimwa kwa kufunga mkono kitambaa na kukijaza hewa. Ya pili ni presha ya macho, ambayo hutokea ndani ya mboni lenyewe la jicho na hupimwa na mtaalamu wa macho. Ya tatu ni hii tunayoizungumzia leo, presha ya ndani ya fuvu. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine. Mgonjwa wangu alipimwa ya kwanza mara nne katika vituo mbalimbali, na kila mara majibu yalikuwa mazuri. Hakuna aliyefikiria ya tatu, nami nikiwa mmoja wao.

Hata hivyo presha ya damu isiachwe kupimwa, kwa maana ikipanda kupita kiasi nayo inaweza kuvimbisha neva ya macho.

Neva ipigayo kelele na neva inyamazayo

Kutoka kwenye ubongo hutoka jozi 12 za neva, au mishipa ya fahamu, ambazo huhudumia macho, uso, masikio, ulimi na koo. Presha ya fuvu ikipanda sana, baadhi ya neva hizi huanza kuumia. Tatu kati yake inafaa kila msomaji azijue.

Ya kwanza kuitaja ni neva ya sita. Kazi yake ni moja tu, kuligeuza jicho litazame upande wa nje, kuelekea sikio. Neva hii hupanda kwenye mfupa wa chini ya fuvu na kujipinda kwenye ukingo wa mfupa kabla ya kufika jichoni. Ubongo unaposukumwa, neva huvutwa na kubanwa. Ikilegea, jicho huvutwa ndani na mtu huona vitu viwili viwili, hasa vya mbali. Akifunika jicho moja, kile kitu cha pili hutoweka. Mwaka wa 1904 daktari Mwingereza James Collier aliwatahadharisha wenzake kuhusu dalili za namna hii. Alieleza kwamba zinaweza kumdanganya daktari akadhani ugonjwa uko palepale kwenye neva, kumbe chanzo kiko mbali na neva imeumizwa na presha tu.

Neva ya sita hupiga kelele. Anayeona matatu mbili hakai nyumbani, hukimbilia hospitali. Na jambo la kushukuru ni kwamba presha ikishushwa, mara nyingi neva hii hupona katika muda wa majuma au miezi michache.

Hali ya neva ya pili, yaani neva ya macho, ni kinyume kabisa. Hii ndiyo inayobeba picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na ina nyuzi zipatazo milioni moja. Imefunikwa na ala inayoendelea kutoka kwenye ngozi za ubongo, na yale maji niliyoyataja hufika hadi nyuma ya jicho. Kwa hiyo presha inapopanda kichwani hufika jichoni pia. Neva hubanwa na kuvimba, kisha nyuzi zake huanza kufa moja baada ya nyingine. Na haya yote hutokea bila jicho kuuma.

Ubaya zaidi ni kwamba upofu huu huanzia pembeni. Mtu huendelea kuona vizuri mbele yake, ilhali uwanja wa macho unapungua kutoka kando kama mlango unaofungwa polepole. Ndiyo sababu yule mama alisoma herufi zote ukutani. Herufi hupima katikati ya jicho tu. Alipoulizwa vizuri, alikumbuka kwamba kwa mwezi mzima alikuwa akigonga bega kwenye fremu ya mlango na kuangusha vikombe vilivyokuwa kando yake. Alidhani ni uchovu.

Neva ya macho hutoa tahadhari moja, nayo ni fupi sana. Mtu anapoinama kufunga kamba za viatu au anaposimama ghafla, macho huingia kiza kwa sekunde chache kisha hurudi. Wengi husema ni njaa au damu kupungua. Lakini kiza cha namna hiyo kikiandamana na maumivu ya kichwa ya siku nyingi, hiyo ni hodi ambayo haifai kuachwa bila kuitikiwa. Nyuzi za neva ya macho zikishakufa, hakuna dawa, miwani wala upasuaji wowote wa leo unaoweza kuzifufua.

Ya tatu katika maelezo yangu pia ni neva ya tatu kwa hesabu, na mambo yake ni ya saa, si ya majuma. Mtu akianguka kutoka kwenye bodaboda na kugonga kichwa, damu inaweza kuvuja taratibu kati ya fuvu na ubongo. Wengine huamka, huzungumza, hata huomba chai, kisha baada ya saa chache huanza kusinzia. Damu ikiendelea kukusanyika, ubongo husukumwa chini na kuibana neva hii. Kile kitundu cheusi cha jicho la upande mmoja hupanuka na hakisinyai kinapomulikwa tochi. Presha ya damu hupanda na mapigo ya moyo hupungua kasi. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kulala "apumzike kwanza". Anahitaji hospitali yenye daktari wa upasuaji wa kichwa, na kila dakika ina thamani.

Presha hii huletwa na nini?

Sababu ni nyingi. Ziko uvimbe ndani ya ubongo, jipu, damu iliyovuja, na kuziba kwa njia za maji. Damu inaweza pia kuganda katika mishipa inayoondoa damu kichwani, jambo ambalo madaktari hulihofia hasa kwa wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni. Mama aliye na mtoto mchanga anayeumwa kichwa kisichotulia asiambiwe ni usingizi tu uliopungua.

Kwa watoto wachanga mifupa ya fuvu haijaungana, kwa hiyo maji yakizidi kichwa chenyewe hukua. Utosi huvimba na macho huelekea chini kama jua linapotua. Mzazi aonapo hayo asingoje. Katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, iliyofunguliwa mwaka wa 2001, daktari Benjamin Warf aliendeleza upasuaji ambao hufungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuchoma sehemu ya tishu zinazotengeneza maji hayo. Kwa njia hiyo watoto wengi huepuka kuwekewa mrija wa kudumu.

Kwa watu wazima katika eneo letu, chanzo kimoja kikubwa ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu aitwaye kriptokokasi. Kuvu huyu hupatikana katika udongo na kinyesi cha ndege kama njiwa, na huingia mwilini kwa pumzi. Mwenye kinga imara aghalabu hadhuriki. Lakini kwa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeshuka sana, kuvu hufika kwenye ubongo, huziba mahali maji yanaponyonywa, na presha hupanda kupindukia. Wagonjwa hawa wanaweza kupoteza macho, masikio na hata uhai. Kifua kikuu nacho kikiingia kwenye ngozi za ubongo huweza kuleta hali kama hiyo.

Mwisho, iko hali ambayo presha hupanda ilhali picha za ubongo hazionyeshi uvimbe wala damu iliyoganda, na maji yenyewe hayana vijidudu. Hii ndiyo iliyompata mgonjwa wangu. Kiini chake hakijafahamika kikamilifu, lakini huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa, hasa walioongeza uzito katika kipindi cha karibuni. Yeye alikuwa ameongeza kilo 14 tangu ajifungue. Hata hivyo wanaume, watoto na watu wembamba pia huweza kupatwa. Dawa fulani huweza kuchochea hali hii, zikiwemo zile za jamii ya tetrasaiklini, ambayo doksisaiklini ni mojawapo, vitamini A kwa wingi, na dawa za chunusi zinazotokana na vitamini hiyo. Ikiwa unatumia mojawapo na kichwa kimeanza kuuma pamoja na macho kufifia, mweleze daktari kila unachomeza, hata kile ulichokinunua bila karatasi ya daktari.

Ile sindano ya mgongo

Nilimwandikia mgonjwa wangu barua siku ile ile, akaenda katika hospitali ya rufaa. Picha ya kichwa ilipigwa, ikawa safi. Kilichobaki kilikuwa kumtoa maji mgongoni, kupima presha na kuyachunguza. Hapo tulikwama.

Mama yake alikuwa amefika kutoka mashambani. Alisimama kando ya kitanda akasema, "Mwanangu hatadungwa mgongo. Jirani yetu alidungwa, na juma lile lile tukamzika." Siku mbili zilipita. Dada wa mgonjwa alinipigia simu, nikaenda nikaketi na yule mama.

"Mama," nilimwambia, "huyo jirani alikuwa akiumwa na nini?" Akajibu kwamba hakuwa akijitambua kwa siku tatu kabla ya kufikishwa hospitalini. Nikamweleza kwamba sindano ilimkuta mgonjwa akiwa tayari mlangoni mwa kifo. Watu walikumbuka sindano kwa kuwa ndiyo waliyoiona, wakasahau ugonjwa ambao hawakuuona.

Hofu hii imeenea sana, kwa hiyo naomba niieleze kwa utaratibu. Ule ugwe wa neva unaopita ndani ya mifupa ya mgongo haufiki chini kabisa. Kwa mtu mzima hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, kwa kawaida kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano, mahali ambapo pana maji na nyuzi za neva zinazoelea tu. Kinachotokea kwa wengi ni kichwa kuuma kwa siku chache, maumivu ambayo hupungua mtu akilala. Daktari Mjerumani Heinrich Quincke alianza kutumia njia hii mwaka wa 1891, na imekuwa ikitumika ulimwenguni kote tangu wakati huo.

Ni kweli kwamba kuna wagonjwa ambao hawafai kudungwa kabla ya kupigwa picha ya kichwa. Ikiwa kuna uvimbe mkubwa au jipu, kutoa maji chini kunaweza kuufanya ubongo uteremke. Ndiyo maana daktari akiona neva ya macho imevimba huagiza picha kwanza. Usimwone anachelewa, anajihadhari.

Kwa wagonjwa wa kriptokokasi, sindano hii si kipimo tu bali pia ni tiba. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka wa 2014 ulifuatilia wagonjwa 248. Miongoni mwa 75 waliotolewa maji angalau mara moja zaidi baada ya kile kipimo cha kwanza, walikufa 5 katika siku za mwanzo za matibabu. Miongoni mwa 173 ambao hawakutolewa tena, walikufa 31. Mgonjwa wa aina hii anaweza kuhitaji kutolewa maji kila siku hadi presha itulie. Jamaa wanaokataa sindano kwa mapenzi huwa wanamnyima mgonjwa wao dawa bila kujua.

Mama yule alikubali siku ya tatu.

Tiba ipo

Tiba hufuata chanzo. Uvimbe na damu iliyovuja huhitaji upasuaji. Damu iliyoganda kwenye mishipa hutibiwa kwa dawa za kuifanya iwe nyepesi. Kwa kriptokokasi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2022 unaopendekeza dozi moja kubwa ya aina maalum ya amfoterisini ikiandamana na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Mwongozo huo ulitokana na utafiti uliofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini.

Kwa hali kama ya mgonjwa wangu, dawa ya kwanza ni asetazolamidi, ambayo hupunguza utengenezaji wa maji ya ubongo. Anayeimeza huhisi vidole vikimwasha kama vimekufa ganzi, huenda haja ndogo mara kwa mara, na soda humpotezea ladha. Utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka wa 2014 kwa wagonjwa 165 ulionyesha kwamba waliotumia dawa hii pamoja na lishe ya kupunguza uzito walipata nafuu ya macho kuliko waliopunguza uzito peke yake. Kupunguza uzito kwenyewe ni tiba halisi, wala si lawama kwa mgonjwa. Najua kwetu unene huhesabiwa kuwa neema, na mke aliyekonda huulizwa kama anateswa. Lakini kwa mgonjwa huyu kilo chache zinazopungua ni sawa na dawa.

Ikiwa macho yanadidimia haraka, hakuna wakati wa kungoja kilo zipungue. Daktari wa upasuaji huweka mrija wa kupeleka maji tumboni, au hutoboa ala ya neva ya macho ili kuipunguzia presha.

Wewe ufanye nini?

Narudia kwamba maumivu mengi ya kichwa hayatokani na presha ya fuvu. Usishikwe na hofu kila kichwa kinapogonga. Lakini nenda hospitalini bila kukawia ikiwa maumivu ya kichwa yanaandamana na mojawapo ya haya:

1. Macho kuingia kiza kwa sekunde chache unapoinama au kusimama.

2. Kuona vitu viwili viwili, au jicho kugeuka upande.

3. Kugonga vitu vilivyo kando yako, au kushindwa kuona pembeni. Funika jicho moja, tazama mbele, na mwombe mtu asogeze kidole kutoka kando. Kisha rudia kwa jicho la pili.

4. Maumivu yanayozidi alfajiri, unapolala chali, unapokohoa au kujikamua, hasa ukitapika.

5. Sauti ya mvumo sikioni inayofuata mapigo ya moyo.

6. Homa, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa au degedege.

7. Kichwa kilichoanza kuuma baada ya kugongwa, au katika majuma ya kwanza baada ya kujifungua.

8. Maumivu mapya ya kichwa kwa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi, hasa kama hajaanza dawa au ameziacha.

Ukifika huko, sema sentensi moja: "Naomba nitazamwe nyuma ya jicho." Haihitaji mashine ya mamilioni. Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa cha kutazama ndani ya jicho mwaka wa 1851, na kinaingia mfukoni. Maafisa wa kliniki waliosomea macho wanakijua vizuri. Hapa kwetu, utafiti wa Nakuru uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba picha za neva ya macho zilizopigwa kwa simu ya mkononi yenye kifaa maalum zilikaribiana na zile za kamera kubwa ya hospitali, hata zikipigwa na mtu asiye daktari.

Yule mama alipewa dawa, kisha akawekewa mrija. Jicho lililogeuka lilinyooka baada ya miezi miwili, na leo haoni tena matatu mbili. Jicho lake la kulia linasoma gazeti. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na litabaki hivyo. Sehemu ya hasara hiyo ilitokana na zile siku mbili za hofu ya sindano. Sehemu kubwa zaidi ilitokana na zile wiki tatu baada ya mimi kucheka naye na kumwandikia vidonge.

Bado huja kwangu kila baada ya miezi mitatu. Oftalmoskopu siku hizi haikai ndani ya mtoto wa meza. Iko juu ya meza, karibu na kalamu, na betri zake huzijaribu kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia.